Turubai la Matanga

Nikimsikia mtu akisema mahindi yetu yaliharibiwa na mvua, damu bado hunichemka. Mvua! Mvua ya huku Uasin Gishu ilikuwako kabla ya mzungu kuja, na itakuwako sisi tukishaoza. Mahindi yale yaliharibiwa na watu, tena watu waliokula chakula kwangu na kunishika mkono wakiniambia pole.

Nianze na trela, kwa sababu hata trela walinilaumu nayo.

Mzungu niliyemwendeshea lori miaka mingi alipoamua kurudi kwao, sisi wafanyakazi wake tuliungana na majirani wachache, tukawa kampuni, tukalinunua shamba lake. Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, na kila mtu Eldoret alikuwa ndani ya kampuni fulani ya mashamba. Hata kinyozi wa sokoni alikuwa na hisa mahali. Tulitoa tulichokuwa nacho, na kilichobaki kikawa mkopo. Kila mwanachama alipata kipande chake kwa kura, vigingi vikapigwa, na masharti yakasomwa mbele yetu sote. Mavuno ya kwanza yangelipa mkopo. Mwanachama atakayeitia kampuni hasara angeilipa kwa kipande chake. Tukapiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi.

Kipande changu kilikuwa kwenye mteremko, juu kidogo ya chemchemi. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi ya shamba hilo hilo. Baba yangu alizikwa nyuma ya zizi la mzungu, na zizi lilipopanuliwa hakuna aliyetuuliza. Mpaka leo sijui ng'ombe walilala juu yake miaka mingapi. Kwa hiyo nilipoviona vigingi vyangu vinne nilikaa chini kwenye nyasi nikalia, mwanamume mzima, na sikujali nani ananiona. Nilikuwa na mahali pangu. Nilichotaka maishani ni kutokipoteza kile kipande, basi.

Lori tulilipata pamoja na shamba. Trela ilibidi tuichague kwenye mnada, siku mzungu alipouza kila kitu, kuanzia plau hadi sufuria. Zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na kando ndefu za mbao pande zote. Ya pili ilikuwa bapa, sakafu tupu ya mbao ngumu juu ya chuma, bila ukuta wowote. Mwenyekiti wetu, mtu mwenye duka kubwa pale njia panda, aliipenda ile ya kando.

"Hii bapa si vitu vitamwagika?" akaniuliza.

"Mzee, vitu vikifungwa havimwagiki. Kwani hizi mbao za kando umeziona? Zimeliwa na mchwa. Na ukitaka kubeba mbao ndefu, au mabomba, au trekta iliyoharibika, utaipitishia wapi?"

Akazunguka, akapiga tairi teke kama watu wasiojua trela wanavyofanya. "Na mvua?"

"Mvua inatoka juu, Mzee. Kando zitazuia mvua gani, ya kutoka chini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nilipaswa kuona hapo hapo kwamba mtu huyo ananiwekea kinyongo, lakini nilikuwa na furaha nyingi mno. Trela bapa unaipakia kutoka upande wowote, watu wanane kwa pamoja, na gari linaondoka mapema. Isitoshe ekseli zake zilikuwa nzima, nilizilalia chini nikazikagua moja moja huku wengine wakinywa chai. Kamati ikasema dereva ndiye anayejua, tukaichukua.

Nikawaambia wazi, mbele ya wote, kwamba ukichukua trela bapa basi turubai ndilo paa lako. Halina mzaha. Tukaenda mjini kwa fundi Mhindi aliyekuwa akishona maturubai nyuma ya duka lake, mwenyekiti na mimi. Mwenyekiti alitaka lile jepesi, moja refu la kufunika yote. Nikakataa. Turubai jepesi linapigwa na upepo mpaka linapasuka, na moja refu likitoboka umekwisha. Nilichagua pamba nzito iliyopakwa nta, vipande viwili. Unafunika nyuma kwanza, halafu kipande cha mbele kinakilalia cha nyuma, ili upepo wa safari usipate mdomo wa kuingilia. Tukanunua kamba za katani na ndoano za kufungia chini ya ukingo wa trela. Fundi aliliweka turubai juani, akalimwagia debe la maji, tukainama chini yake kuangalia. Hata tone. Nikamwambia mwenyekiti jambo moja tu: hili halikunjwi likiwa na maji. Likikunjwa bichi, ukungu utalila kama mchwa wanavyokula mbao. Akasema, "Sawa sawa, dereva, nimesikia." Akalipeleka kwenye stoo ya duka lake, kwa sababu mali ya kampuni ilikaa kwa mwenyekiti.

Msimu ule mahindi yalikubali, nyie! Mahindi ya kuficha mtu mrefu. Tukiwa tunasubiri yakauke, mama yangu akafa.

Alikuwa mgonjwa muda mrefu, na aliniambia akifa asizikwe nyuma ya kitu cha mtu. Nikamzika kwenye kipande changu, upande wa juu, mahali unapoona shamba lote mpaka mtoni. Hata katika huzuni ile nilikuwa na fahari. Nani katika ukoo wetu alishawahi kuzikwa kwake?

Mwenyekiti alikuja mwenyewe na lori, akiwa na turubai la kampuni nyuma. "Mama yako ni mama yetu," akasema. "Wageni hawawezi kukaa kwenye jua." Ningesema nini? Huku kwetu turubai halijui kama lilinunuliwa kwa ajili ya mahindi. Kukiwa na kilio, mwenye turubai anatoa turubai, mwenye sufuria anatoa sufuria, na anayenyimwa hasahau, wala watoto wake hawasahau. Na mtu aliyefiwa na mzazi hashiki kazi mpaka anyolewe. Nilikaa kwenye kiti nilichowekewa. Vijana wakalisimamisha turubai kwa miti ya mikalitusi iliyochongwa ncha, ncha zikatokea juu. Nikaziona. Nikafungua mdomo, na mzee mmoja akanigusa bega akasema, "Tulia, mwanangu, leo si siku ya kazi." Akina mama wakapikia ukingoni, cheche zikiruka. Usiku kukanyesha. Asubuhi wakalikunja kama lilivyo, wakalirudisha dukani, wakaliweka chini ya magunia ya mbolea. Hayo ya mbolea niliyajua baadaye.

Nililia siku zile kwa shukrani pia, mjue. Nilisema mbele ya watu kwamba kampuni hii ni ndugu zangu.

Wiki kadhaa baadaye, mahindi yakiwa kwenye magunia, stoo ya mjini ya kuuzia mahindi ikawa imejaa. Tukaambiwa tupeleke Nakuru, na kabla ya mwisho wa juma. Alfajiri ya kupakia nikaomba turubai. Lilipofunguliwa harufu ilinipiga usoni. Weusi wa ukungu kila mahali, matundu ya miti, matundu ya cheche, na pale mbolea ilipolilalia kitambaa kilipasuka kwa kidole. Kidole hiki!

"Mzee," nikamwambia mwenyekiti, "hapa hakuna turubai. Hapa kuna tambara. Tuazime kwa jirani, au twende kwa fundi leo, tuondoke kesho."

"Kesho wakifunga mlango wa stoo?"

"Na tukinyeshewa?"

"Mbona hata kabla ya kutoka unatuitia mvua?" akasema, na safari hii yeye ndiye aliyewachekesha watu.

Nikasema sitoki. Wakasema basi watatafuta dereva mwingine, na mtu asiyebebea kampuni mahindi asitegemee kampuni impe hati ya kipande chake. Kwenye mzigo ule kulikuwa na magunia yangu pia. Ningewaachia mtu asiyejua hata kufunga kamba? Nikapanga mzigo mwenyewe, katikati juu na kando chini, maji yasituame. Nikaziba matundu kwa vipande vya tyubu na lami. Nikafunika nyuma, nikafunika mbele, nikavuta kamba mpaka viganja vikachubuka.

Mpaka Burnt Forest jua lilikuwa linawaka. Tulipoanza kupanda Timboroa mbingu ikawa nyeusi, na mvua ya mawe ikatushukia kama mtu anamwaga kokoto. Nilisimamisha gari, nikapanda juu, nikalala kifudifudi juu ya turubai nikijaribu kushika pale lilipoanza kupasuka kwa mwili wangu. Nililisikia likichanika chini ya kifua changu, taratibu, na maji yakishuka ndani ya magunia. Nilipiga kelele, lakini pale porini angesikia nani.

Nakuru mkaguzi alichoma gunia la kwanza kwa kile chuma chao chenye ncha, akatoa mahindi machache, akayauma. Akatema. Akachoma la pili, la tatu, akaenda upande wa pili. Hakunigombeza hata. "Rudi nayo," akasema, akaita gari lililofuata. Tulirudi nayo. Kabla hatujapata jua la kuyaanika yalikuwa yameota, na kinachoota ndani ya gunia kinanuka. Hata nguruwe waliyala kwa kuchagua.

Mkutano ukaitwa kwenye nyumba ya zamani ya mzungu. Nilikwenda nikiwa na hasira na bila woga, kwa sababu nilidhani kila mtu aliona nilichoona. Mwenyekiti akasimama. Akasema kwanza kwamba yeye alitaka trela yenye kando, kila mtu ni shahidi. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia, turubai la kampuni lilitobolewa wapi.

Akageukia safu za nyuma.

"Semeni. Lilitobolewa wapi?"

Sauti moja ikajibu kutoka nyuma, "Kwenye matanga ya mama yake dereva."

Nikaruka. "Mimi niliomba? Mimi ndiye niliyelileta? Nani alilikunja likiwa na maji? Nani aliliweka chini ya mbolea?"

Mwenyekiti akaningoja nimalize. "Ndugu yangu," akasema, "ulikataa?"

Haki ya Mungu! Ni nani katika watu wale angekataa? Niliwatazama mmoja mmoja, waliochimba kaburi, waliopika, aliyenigusa bega akaniambia nitulie. Kila mmoja alijua kwamba deni lile kama si langu basi ni la wote, na la wote lingemega kila kipande. Wakaombwa wanyooshe mikono. Yule aliyenigusa bega alichelewa kidogo, akaangalia huku na huku, halafu naye akanyoosha.

Wakanichukulia kipande changu. Kikaenda kwa shemeji yake mwenyekiti, aliyekuwa akisubiri nafasi tangu mwanzo. Semeni ninyi wenyewe, mimi nisiseme. Mke wangu alifunga vitu. Tukahamia Langas, kule mjini Eldoret, chumba kimoja cha kukodi, nikawa nawaendeshea wengine malori, mahindi ya wengine, kwenye maturubai ambayo sikuyachagua. Kampuni ilimaliza mkopo wake, nasikia. Wana hati zao sasa.

Mwaka uliofuata nilikwenda kung'oa magugu kwenye kaburi la mama. Nilimkuta yule shemeji langoni, kijana wa heshima, sina ubaya naye mwenyewe. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akaniitia chai. Nikamweleza nilichojia. Kutoka pale nilikuwa naangalia mteremko wote, na sikuona kaburi. Niliona mahindi tu, yamesimama kwa mistari iliyonyooka, kutoka chemchemi mpaka juu kabisa.

"Uje tukishavuna, Mzee," akaniambia. "Saa hii utayakanyaga."