Kovu Lililoishia Katikati ya Paji

Sikwenda Mwanza kutembea, jamani. Nilimpeleka baba yangu, mkulima wa mihogo hapa Sengerema na msomaji wa masomo kanisani. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na Jumapili moja alisoma zaburi nusu, akanyamaza mbele ya watu wote. Zahanati walishampa dawa ya matone, haikusaidia kitu.

Saa moja asubuhi tulikuwa Kamanga. Kivuko kilichelewa na upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi. Baba alifumba jicho la kushoto, akalifumbua, akalifumba tena, akipima kilichobaki. Nikawa naangalia maji.

Buhongwa tulilala kwa shangazi, dada yake Baba. Nilipomwamkia tu, akauliza kovu la kwenye paji la kaka yake limetoka wapi. Nikajibu haraka kwamba aliungua na mafuta ya kukaangia samaki. Zahanati niliwaambia hivyo hivyo, na majirani pia. Ukweli ni kwamba miezi miwili nyuma alitokwa na mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayoshika upande mmoja tu wa mwili, na kwetu ukionekana na mkanda, watu wanasema tayari una ukimwi. Nilimfunga kitambaa kichwani, nikamweka ndani. Baba hakubisha. Kwetu anayemsindikiza mgonjwa ndiye msemaji.

Kesho yake hospitalini, daktari, mama mmoja mpole, alimtia matone ya kupanua mboni, akamulika kwa muda mrefu. Aliona mabaka meupe pembezoni mwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Akauliza habari za kovu. Nikarudia mafuta yangu.

Akapitisha kidole pajini. "Dada, mafuta ya moto yangeruka kote. Hili limeishia katikati kabisa."

Nililia pale pale, nikasema yote. Akaeleza kwamba virusi vya mkanda huweza kuingia jichoni. Angechota majimaji kidogo ya jicho yakapimwe, lakini dawa angeanza siku hiyo hiyo, maana jicho la pili nalo lilikuwa hatarini. La kulia tumelichelewesha, alisema. Akamwomba Baba wampime na ukimwi, Baba akakubali.

Siku za wodini zilikuwa ndefu. Majibu ya jicho yalikuja: ni virusi vya mkanda. La kulia limekufa, la kushoto bado linaona. Ukimwi hana. Shangazi alipoleta uji alinitupia ile ya mficha maradhi kifo humuumbua, wala hakuniangalia.

Kwenye kivuko cha kurudi nilimwambia Baba tumshukuru Mungu, angalau ule ugonjwa hana. Alinigeukia mwili mzima ili anione.

"Na ningekuwa nao," akasema, "ungeniacha nipofuke?"

Siku hizi mtu akiniuliza kuhusu kovu lile, nautaja mkanda kwa jina lake. Baba bado sijamjibu.