Watoto wa Bwana Pasi

Dobi wetu aliitwa Bwana Pasi na mtaa mzima, na hakuwa mtu wa makuu. Ujanani alifua mashuka hotelini, kwenye chumba cha mashine chenye redio iliyovunjika kitufe. Redio hiyo ilikwama kwenye stesheni moja tu, ile ya muziki wa kale wa Ulaya, fidla na vinanda vya miaka mia tatu iliyopita, muziki unaoitwa baroki. Wenzake walilalamika mpaka wakachoka. Yeye aliupenda kimyakimya, na hoteli ilipofungwa, wenzake wakigombania mabeseni, alijibebea redio na hakuna aliyemwonea wivu.

Alipofungua duka lake la udobi, alinunua simu ya kuhifadhi muziki akaanza kujichagulia. Hapo ndipo ugonjwa ulipomkolea. Mvua zikianza na nguo zikigoma kukauka, aliweka fidla za mbio mbio, eti zinauharakisha upepo. Jua likiwa kali, filimbi za polepole, maana alisema hata pasi inahitaji kupumua. Sikukuu zikikaribia na kila mteja akitaka suti yake leo hii, alifungulia tarumbeta kwa sauti ya juu, na watu wakajikuta wamepanga foleni iliyonyooka bila kuambiwa.

Lakini raha yake kuu ilikuwa siku za kuzaliwa. Kila mtunzi aliyempenda alimnunulia keki ndogo yenye jina lake, akapiga muziki wake kutwa nzima na kufunga duka mapema. Tena aliandikisha jina la kwanza tu. Watu uliopiga nao pasi miaka yote hiyo, alisema, huwezi kuwaita kwa jina la ukoo kama uko mahakamani. Ubaya ni kwamba vipenzi wake wanne walizaliwa kati ya mwisho wa Februari na mwisho wa Machi, utadhani mama zao walipatana.

Ubaya wa ubaya, mwaka huo Machi haikuwa mwezi wa mchezo. Duka la jirani lilikuwa la fundi cherehani, mjane mcheshi mwenye jicho kali, ambaye kila gauni alilomaliza alilileta kupigwa pasi. Bwana Pasi alimpenda muda mrefu kama mjinga. Mwishowe alijikaza akamwomba waoane. Fundi hakucheka wala hakukasirika.

"Nina sare za shule hapa zimejaa mpaka dirishani," alimwambia. "Siwezi kufikiri mambo mawili kwa pamoja. Machi ikiisha nitakujibu. Usiniulize katikati."

Hakuuliza. Alingoja na kununua keki zake.

Sasa, keki zote za mtaa ziliokwa na mwanamke mmoja, Mama Keki, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku moja alikwenda kwa fundi kupunguziwa sketi, akaketi kwenye kiti cha wateja na kushusha sauti.

"Mdogo wangu, unamjua vizuri huyo dobi wako?"

"Namjua. Kwani?"

"Ana watoto! Februari kaagiza keki ya Georgi. Machi imeanza tu, ya Antonio. Juzijuzi Georgi tena!"

"Georgi huyohuyo?"

"Mtoto gani anazaliwa mara mbili? Ni Georgi wa pili, wa mama mwingine. Majina yenyewe yameshamwishia! Na kesho kutwa nina keki ya Yohana. Sasa hesabu mwenyewe hao mama zao."

Fundi alicheka ili Mama Keki asipate la kusimulia. Alipobaki peke yake hakucheka. Tangu siku hiyo magauni aliyakabidhi akiwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Bwana Pasi aliona. Alikagua magauni yote mshono kwa mshono akitafuta kosa.

"Nimekuunguzia nguo, Fundi?"

"Nguo haijaungua," alijibu, akaondoka. Bwana Pasi alikosa hamu ya kula, hata keki ya Yohana aliigawa kwa wateja.

Siku ya mwisho ya Machi, mchana, fundi aliingia bila gauni mkononi. Kinanda cha kanisani kilikuwa kikinguruma kwenye simu. Juu ya meza ya pasi kulikuwa na keki, na juu ya keki jina: Yohana.

"Nimekuja na jibu," alisema. "Lakini kwanza niambie ukweli. Hawa watoto wako wanaishi wapi?"

"Watoto gani?"

"Georgi. Antonio. Georgi wa pili. Na huyu Yohana, ambaye wiki iliyopita alikula keki na leo anakula nyingine!"

Bwana Pasi alikaa juu ya kapu la nguo chafu. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Kisha alimwonyesha kwenye simu, picha kwa picha: wanaume wenye nywele za bandia, mashavu yamejaa. Georgi ni Handel. Antonio ni Vivaldi. Georgi wa pili ni Telemann. Yohana ni Bach.

"Ndiye anayepiga sasa hivi. Alizaliwa wakati wa kalenda ya zamani, tarehe ishirini na moja. Kwa kalenda ya siku hizi inaangukia leo. Kina Georgi nao wangeweza kudai keki ya pili, lakini nimewanyima."

Fundi alizitazama zile nywele za bandia kwa muda. Aibu ilimshika, kisha ikamwachia.

"Wote hawa wana siku zao," alisema. "Na wewe je? Mbona sijawahi kuona keki yako?"

"Mimi sina tarehe. Mama alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza. Ile ya kwenye kitambulisho ni ya karani. Foleni nzima alituandikia mosi Januari."

Aliyasema kwa kutania, kama alivyozoea kuyasema, lakini safari hii sauti ilimkatika katikati.

Fundi alichukua kisu, akaliparua jina la Yohana taratibu, herufi moja baada ya nyingine, mpaka keki ikabaki nyeupe. Akaigeuza imwelekee dobi na kumpa kisu.

"Huyu mzee siku moja inamtosha," alisema. "Ya leo ni yako. Haya, kata keki yako, mume wangu."