Chumba Chenye Soketi

Asubuhi hiyo nilitoka mtaa wa Hurlingham nikiwa nimebeba kompyuta ndani ya gunia la viazi, bila kujua ninakokwenda. Kaka yangu, ambaye nilikuwa nikilala sebuleni kwake, alikuwa amenitafutia kazi ya kupanga mafaili kwa rafiki yake, kwa sharti moja: mashine iuzwe kwanza. Kwa mtu aliyeacha shule kidato cha pili, bahati kama hiyo si ya kuchezea. Mimi niliichezea: nilikataa kuiuza.

Nilikuwa natengeneza mchezo wa safari. Haukuwa na picha. Kompyuta inakueleza mahali ulipo, unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu. Shujaa anaamka amefungiwa chumbani, na akishatoka anavuka mapango, milima na falme za ajabu. Falme sikuwa nimezifikia. Kitabu nilichojifunzia nilikinunua kando ya barabara, kurasa za mwisho zikiwa zimeng'olewa, nadhani na muuza njugu aliyezifungia njugu zake. Sura ya namna ya kuiamuru mashine irudie jambo ilikwenda na njugu hizo. Kwa hiyo nilipotaka jambo lirudiwe, niliketi nikaliandika tena na tena, nikijiona mchapakazi.

Nilikuwa nateremka Valley Road nilipokumbuka kwamba skrini nimeiacha kwa kaka. Lakini mtu akishaondoka kwa kubamiza mlango, harudi kuubisha aombe skrini.

River Road lojing'i, nyumba za kupanga vyumba vya kulala, ni nyingi, ila bili ya stima hulipwa na mwenye nyumba, naye humwogopa mpangaji mwenye koili ya kupikia kuliko mwizi. Kila nilipoingia niliambiwa hakuna kupika, hakuna kupiga pasi. Vyumba vingine soketi zilikuwa zimezibwa kwa simiti. Bila soketi mchezo wangu ulikuwa umekufa, nami kazi nilikuwa nimeitupa kwa ajili yake.

Katika lojing'i ya mwisho kabla ya kukata tamaa, mama mwenye nyumba alikuwa nyuma ya dirisha la vyuma, akifuma sweta.

"Hiyo ni nini kwa gunia?"

"Kompyuta, mathe."

"Inachemsha?"

"Hapana. Natengenezea mchezo."

"Washa nione."

Nikamweleza habari ya skrini. Alicheka hadi sindano ikamtoka mkononi. "Kijana, kwa hivyo umebeba redio haina spika!"

Nikamwomba nimchezeshe kwa mdomo. Mtu mwenye akili angebembeleza kuhusu kodi. Mimi nilivuta pumzi, nikatoa sauti ya mtangazaji. "Uko ndani ya chumba. Mlango umefungwa. Kuna kitanda na sufuria. Unafanya nini?"

"Napiga nduru."

Nduru sikuwa nimeiandika. "Hakuna anayesikia."

"Haiya! Watu wote wa hapa?"

"Si hapa, mathe. Ni ufalme wa mbali."

"Basi nagonga mlango na hiyo sufuria mpaka uvunjike."

"Huwezi. Unatakiwa kuinua godoro. Ufunguo uko chini yake."

"Mtu akinifungia kwa nyumba, naanza kutandika kitanda?"

Mpangaji aliyekuwa akingoja nyuma yangu na taulo begani akaingilia. "Kwani huko hakuna keateka, mtu wa kuangalia nyumba? Si akuje na ufunguo ya pili?"

"Mimi niko na za vyumba zote," mama akasema, akinitazama kwa huruma.

Chumba nilichokihangaikia karibu mwaka mzima kilikuwa kimeangushwa na sufuria. Nikaanza kulifunga gunia.

"Unaenda wapi? Bado sijatoka."

Akashuka kitini, akaniongoza hadi nyuma ya ofisi yake, kwenye kichumba alichopigia pasi mashuka. Soketi ilikuwepo, nzima, pembeni mwa kitanda. "Nikisikia harufu ya ugali, unahama," akasema, akanipa ufunguo.

Nikachomeka waya. Feni ya mashine ikaanza kunguruma mbele yangu, nami nikaketi kuitazama, sina cha kuona. Mama alikuwa bado mlangoni.

"Na nikivunja dirisha?"

"Hakuna dirisha."

"Chumba gani haina dirisha?"

Nikageuka kuziangalia kuta nne nilizokuwa nimezikodi, nazo hazikuwa na dirisha. Mama naye akaziangalia, kisha akarudi kwenye sweta lake.