Ukimtukana Mwantum, Chumvi Hupati

Saa moja asubuhi, maji yamekupwa, na Mwantum binti Kondo amepiga magoti mbele ya mafiga akichochea kuni za mikoko. Moshi unamtoa machozi. Vyungu sita vya maji ya chumvi humpa pishi moja tu ya chumvi, na hiyo ni kazi ya kutwa nzima.

Mwantum ni Mmatumbi aliyeolewa hapa visiwani Rufiji miaka kumi na miwili iliyopita. Mumewe amefariki, watoto wawili anawalea mwenyewe. Tangu vita vya maji dhidi ya Wajerumani vianze kwao milimani mwaka jana, watu wameacha kumwita jina lake. Wanamwita mshenzi. Tusidanganyane, neno hilo hata sisi wa mwambao tumelizoea kinywani kama tambuu, na ni aibu yetu.

Kutaniwa amezoea. Jirani yake Mndengereko, mzee Bwanaheri, ni mtani wake. Humpa kila jina baya na kumchukulia kuku mchana kweupe, naye Mwantum hucheka mpaka ashike mbavu. Lakini juzi kisimani, Biasha, mke wa tajiri wa samaki, alimwambia mshenzi hateki maji kabla ya waungwana. Wanawake walipoguna, Biasha akadai alikuwa anatania.

Mwantum hakupandisha sauti. “Mtani wangu ni Bwanaheri. Mume wangu alipokufa, yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Wewe umenizikia nani?”

Tangu hapo Mwantum hamuuzii Biasha chumvi. Anajua hatari yake: mume wa Biasha akimnong’oneza akida kwamba hapa pana Mmatumbi, atatiwa minyororo. Majirani walimsihi ajiite Mndengereko mpaka vita viishe. Alikataa katakata.

Leo Biasha amekuja na kikapu kitupu. Wachemsha chumvi wengine wamekimbia vita, na samaki wa mumewe wameanza kunuka. Mwantum anamwambia akayasafishe maneno yake palepale alipoyachafulia.

Biasha anashika njia ya kisimani, Mwantum nyuma yake. Wanawake wanatua mitungi.

“Mwantum binti Kondo,” anasema polepole, “nilikukosea. Haukuwa utani.”

Wakirudi mafigani, Mwantum anampimia pishi tatu.

Mwezi ujao anakusudia kupanda milimani na mzigo wa chumvi, amtafute mama yake. Vivuko vyote vina askari.

“Wakiniuliza kabila, nitawaambia Mmatumbi,” anasema. “Waandike.”