Swali la Mama Baada ya Mchezo wa Redio

Mwaka tuliomaliza darasa la saba, pale kijijini kwetu Isansa hakuna aliyekuwa na televisheni. Sisi tulikuwa na redio ya baba, na kila Jumapili alasiri tulisikiliza mchezo wa kuigiza. Mama alisikiliza huku akipukuchua mahindi. Kiswahili cha redioni kilimpita haraka, kwa hiyo mimi nilimweleza kwa Kinyiha.

Jumapili moja, kijana wa kwenye mchezo alikosa nafasi ya sekondari, akajiua. Mama wa yule kijana alilia redioni mpaka muziki ukaingia. Nikamwambia mama, "Amesafiri."

"Amesafiri, halafu mama yake analia hivyo?"

Nikamwambia ukweli. Nilidhani atazima redio. Badala yake aliniuliza maswali. Kijana alianza lini kuwa kimya? Chakula alikuwa anakula? Nyumba nzima ile, nani alimwuliza ana nini? Mengi sikuyajua. Nilikuwa nimesikia kila neno, lakini hayo sikuwa nimeyawaza.

Kisha akanitazama. "Na wewe, ukingoja majina ya waliochaguliwa sekondari yatoke, umewahi kufikiria kujiua?"

"Hapana, mama."

"Ukifikiria, utaniambia?"

"Nitakuambia."

Hapo nikamwambia lile nililokuwa nimelificha. Rafiki yangu wa dawati moja aliniambia, tukitoka kuchota maji, kwamba asipochaguliwa haoni haja ya kuishi. Alikuwa ameniapisha nisimwambie mtu.

Mama hakunigombeza. Alikung'uta makapi kwenye kitenge chake, akasema, "Twende."

Tulimkuta uani kwao akiosha vyombo, peke yake. Mama akakaa chini karibu naye, akamwuliza swali lile lile, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama umekula. Nilitamani ardhi ipasuke. Rafiki yangu alinikazia macho ya hasira, halafu akaanza kulia. Mama hakumwambia anyamaze. Alingoja.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Akirudi shambani tutamwambia pamoja. Mimi siondoki."

Na kweli hakuondoka. Mama wa rafiki yangu alipofika, alitua mzigo wa kuni, akasikiliza amesimama, kisha akamkumbatia binti yake. Tangu siku ile mama zetu hawakumwacha peke yake. Siku nyingine alikuja kwetu na kiti chake kidogo kupukuchua mahindi, ingawa mimi hakunisemesha.

Majina yalipotoka, langu lilikuwemo, lake halikuwemo. Nilikwenda shule ya bweni nikijua bado amenuna. Likizo ya kwanza, nilipokuwa naanika nguo, nikamwona anakuja na kiti chake kidogo. Alisema anajifunza kushona kwa shangazi yake, mjini Tunduma, amekuja kusalimia tu.

Akakaa, akanitazama kidogo.

"Hebu lete hayo madaftari yako ya shule," akasema. "Huko mnafundishwa nini?"