Vidole Vyeupe vya Kinyozi

Amefariki kinyozi wetu wa Msambweni, na Jumatatu tukamzika. Wanawe wanasema moyo ulisimama akiwa anavaa viatu. Sikulia. Nilitia udongo kaburini, nikanawa, nikarudi nyumbani kula.

Wasomaji wanaotoka huku watamkumbuka kwa mikono yake. Viungo vilimvimba miaka mingi, na kila alipogusa maji ya baridi vidole viligeuka vyeupe kama chokaa, kisha buluu, vikafa ganzi. Kwetu sisi tuliozoea kuwaona wakoma, vidole vyenye ganzi vina jina moja tu. Watu wakaanza kupeleka vichwa vyao kwingine. Akaniomba nimsindikize hospitali nimtafsirie maneno ya daktari Mzungu. Muuguzi alimfunga macho, akamchoma sindano kidoleni. Kinyozi akapiga kelele: "Mama yangu wee! Hapa ni hospitali au machinjioni?" Muuguzi akacheka: "Mzee, mwenye ukoma hapigi kelele hivyo." Daktari akaeleza, nami nikatafsiri: mwili wake unajipiga wenyewe. Moto unaovimbisha viungo umeingia hata katika kuta za mishipa ya damu, nayo ikiguswa na baridi inajibana, damu haifiki vidoleni. Huenda siku moja ukafika moyoni. Lakini haumwambukizi mtu, na akitumia maji ya moto ataendelea na kazi. Njiani kinyozi akaniambia, "Waambie, bwana. Wewe umesoma, watakuamini. Mimi wataniona natetea tumbo langu."

Wiki ile mjukuu wangu alitimiza siku saba, akawa wa kunyolewa nywele za uzazini. Kinyozi akaja na wembe mpya na birika la maji ya moto. Shemeji zangu barazani wakaikodolea macho mikono yake. Mmoja akauliza, "Na huyu kaitwa na nani?" Wote wakanitazama. Nikasema, "Bwana, leo pumzika. Kaa ule." Sisi tulikula pamoja katika sinia, yeye akaletewa sahani ya peke yake. Aliitazama, akasema bismillahi, akala. Sijui kama alinyoa mtu mwingine baada ya siku hiyo.

Hakuwa na ukoma. Daktari alisema hivyo mbele yangu, na leo ndiyo mara ya kwanza ninasema hadharani. Maradhi yake yangemuua hata hivyo, lakini ile sahani haikuwa sehemu ya maradhi. Hiyo tulimpa sisi. Ajuaye na aseme siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Baada ya mazishi, ukweli haumfai tena aliyeuhitaji.