Namba Tasa ya Rangi ya Mafuta

Jamani, hili la 10,001 nilitaka kwenda nalo kaburini, lakini kwa kuwa Kiomboi nzima wanalisimulia na kila mtu anaongeza chumvi yake, bora mlisikie kwangu mimi niliyeumbuka.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mkuu wa shule alikuwa ameniahidi kwamba nikiwafurahisha wageni atanitangaza palepale kuwa mwalimu wa taaluma (cheo nilichokitamani miaka minne, sifichi). Nikaamua kuandika ukutani namba tasa kubwa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, nikachagua 10,001 kwa sababu ina sura nzuri. Kuipima ni kuigawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya mia, basi. Nikaanza na mbili, tatu, tano, saba, nikaenda hivyo mpaka 71, zote zinabakiza, mara kengele ya chai ikalia na siku hiyo kulikuwa na maandazi (aliyeyaleta Mungu amsamehe), nikasema zimebaki tano tu, za nini kujitesa? Nikanywa chai, nikarudi na brashi na rangi nyekundu ya mafuta.

Siku yenyewe nikasimama na suti. "Wazazi wangu, hata mngekuwa na mbegu 10,001 za alizeti, msingeweza kuzipanda kwa mistari inayolingana!" Makofi. Ndipo Mama Ester, mkulima ambaye binti yake yuko kidato cha pili, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona shamba langu limelingana? Bwana shamba alituambia tuhesabu mashimo kabla ya kutafuta mbegu. Mistari sabini na mitatu, kila mstari mashimo mia moja thelathini na saba. Jumla elfu kumi na kashimo kamoja juu yake."

Hapo ningenyamaza, lakini mimi na mdomo wangu! "Shikamoo mama, lakini jembe siyo kalamu, kuna mahali umeruka."

Ukumbi wote ukanuna. Mkuu akanipa chaki, akasema neno moja tu, "Gawanya." Nikagawanya kwa 73 huku jasho linanitiririka mgongoni, ikatoka 137, baki sifuri.

"Lakini niliishia 71!" nikapiga kelele. "Kengele ya chai ililia!"

Walivyocheka! Na cheo akapewa mwalimu wa Kiswahili, mtu ambaye saba mara nane inampiga chenga mpaka leo. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Nani alimtuma apande mistari sabini na mitatu? Sabini na miwili ingempunguzia nini?

Hata hivyo la jembe lilinikera moyoni, maana ule ulikuwa utovu wa adabu, nikaenda kwake kumwomba radhi. "Yameisha, mwanangu," akasema, "karibu chai." Nikamwambia chai baadaye, nikaingia shambani kwanza, nikahesabu mstari mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Sabini na mitatu, tena imenyooka.

Ndipo nikanywa. Na tangu siku hiyo sigusi kikombe kabla sijafika 97.